Wa Pili wa Nje

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na mume wangu akaanza kutafuta wa pili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyosikika nyumbani kwetu East Ham, ikasikika hivyo Leicester, na kwa muda ikasikika hivyo hadi Ng'ambo, Unguja, kwa watu wasioijua Windows lakini wanaomjua vizuri mwanamume aliyevuka hamsini akianza kunong'ona kwenye simu.

Kompyuta yenyewe ni mpakato ya kijivu inayokaa kwenye meza ya chakula, mali ya wote. Binti yetu mkubwa anafanyia kazi za shule, wadogo zake wanaangalia katuni, na mimi naweka humo hesabu za gari. Baba watoto ni dereva wa minikabu, amejiajiri mwenyewe. Kila risiti ya mafuta, ya bima na ya matairi hupita mkononi mwangu kabla haijaingia kwenye lahajedwali, ili Januari tupeleke ritani HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Tarehe ya mwisho haina huruma: usiku wa tarehe 31 Januari. Ukichelewa, faini ni pauni 100 papo hapo, hata kama kodi unayodaiwa ni sifuri.

Windows 10 kuachwa si kufa. Kompyuta inaendelea kuwaka kama jana. Kinachokoma ni masahihisho ya usalama ya kila mwezi, na bila hayo kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi kwa wezi. Kuhamia Windows 11 hatukuweza. Hiyo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Yetu ni ya kizazi cha 7. Kibodi nzima, skrini nzima, betri bado ina pumzi, ila mlangoni imekataliwa.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza ni kununua mpya, lakini pesa zilikwishageuka tiketi ya ndege ya mama mkwe, aliyekuja kututembelea msimu mbaya kuliko yote. Ya pili ni kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza, ambao Microsoft iliutoa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Lakini kujiandikisha kunataka uingie kwa akaunti ya Microsoft, na akaunti iliyokuwamo kwenye kompyuta yetu ilikuwa ya mpwa wa mume wangu, mtoto wa dada yake wa Leicester, ambaye ndiye aliyetutengenezea mashine siku tuliponunua. Sisi tulikuwa tukifungua kwa tarakimu nne tu. Nywila yenyewe aliijua yeye.

"Si umpigie tu," nilimwambia.

"Mtoto niliyembeba mgongoni? Nimpigie nimuombe ruhusa ya kutumia kompyuta yangu?"

Ikabaki njia ya tatu.

Posa

Wazo alilipata kwa abiria. Kijana mmoja aliyempakia Southwark alimwonyesha diski ndogo ya mfukoni, akamwambia kompyuta yake nzima imo humo: anachomeka kwenye mashine yoyote, anawasha, anafanya kazi, anachomoa, anakwenda zake. Mume wangu alirudi alfajiri na hakulala.

Kijana hakudanganya. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka unapobonyeza kitufe cha kuwashia na kuziamsha nyingine zote, si lazima ukae kwenye diski ya ndani. Kompyuta ikiamka hutafuta diski yenye mfumo. Ukiielekeza ianze na tundu la USB, itaamka na mfumo ulioko huko, na ule wa ndani utabaki umelala na mambo yake. Microsoft ilikuwa na Windows ya kubebeka ya namna hii, iliyoitwa Windows To Go, ikaiondoa mwaka 2020. Linux haina shida hiyo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua, kuibadilisha na kuigawa.

Aina za Linux ni nyingi, lakini moyo wa mume wangu uliangukia Ubuntu, na sababu zake hazikuwa za kiufundi. Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, aliyeuza kampuni yake mwaka 1999, akaruka angani na Warusi mwaka 2002, kisha akaanzisha Canonical, kampuni yenye makao hapa hapa London. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004. Kwa miaka kadhaa ofisi zake zilikuwa Millbank Tower, kando ya mto Thames, na mpaka leo tukipita pale kwa gari lazima ninyooshewe kidole jengo lile, utadhani ndiko alikozaliwa.

Halafu ana kumbukumbu zake. Ujanani alikuwa akisimamia mkahawa wa intaneti Kariakoo. Enzi hizo Ubuntu walikuwa wakituma sidii bure kwa posta popote duniani, mpango ulioendelea hadi 2011. Na hapo hapo Dar es Salaam, Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. "Haya mambo sisi tulikuwa nayo," alisema, "Leicester wakiwa bado wanacheza gemu."

Usiku mmoja alisimama jikoni akiongea kwa simu na rafiki yake wa Barking. Alinong'ona, maana watoto walikuwa wamelala. Mama mkwe alikuwa amejifunga kanga juu ya koti, anashuka ngazi kufuata maji ya moto. Alichokisikia mlangoni ni hiki:

"Wa kwanza mzito sana siku hizi, ndugu yangu. Wa pili mwepesi, tena wa bure. Hapana, wa kwanza pale pale, ndani. Wa pili wa nje. Mke wangu? Hana habari. Atajua mambo yakishakuwa."

Mama alirudi chumbani bila maji ya moto. Haya nimeyajua baadaye. Nilichokiona mimi kesho yake ni kwamba mama mkwe, ambaye miaka yote hajawahi kuupitisha wali wangu bila neno, aliusifu. Akaniambia nipumzike, vyombo ataosha yeye. Akanipaka mafuta ya karafuu mabegani, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nyumba ni subira." Mwanawe alipomsalimia, alimwitikia akiwa ametazama dirishani. Nilidhani ni baridi.

Mchana wake alimpigia simu bintiye wa Leicester.

Mahari

Mchumba wa kwanza alitoka kwenye meza moja ya sokoni: flashi ya terabaiti 2 kwa pauni 10. Baba watoto alijaribia mali yake ya thamani kuliko zote, mkusanyiko wa taarab. Nyimbo ziliingia zote, majina yakaonekana yote, lakini kuzifungua, za mwanzo zikaimba na zilizobaki zikawa bubu.

Binti yetu anasoma hesabu na kompyuta kwa ajili ya mitihani ya A-level. Alipakua programu inayojaza flashi mpaka pomoni kisha inasoma ilichoandika, na jibu lilikuja: zile terabaiti 2 zilikuwa gigabaiti 32. Mchezo huu umeenea. Ndani ya flashi mna kichipu kinachoitangazia kompyuta ukubwa wa diski, na kichipu hicho hufundishwa kusema uongo. Ukipita ukubwa wa kweli, flashi inaendelea kupokea faili na kuzitupa, bila kulalamika. Anayenunua flashi kwa bei ya maandazi na aijaze aisome kabla hajaikabidhi kitu.

Hata flashi ya kweli si makazi ya mfumo endeshi. Mfumo huandika vijifaili vidogo vidogo kila dakika, na flashi za kawaida ni nzito kwa kazi hiyo na huchakaa mapema. Kinachofaa ni SSD ya nje. Binti alimtafutia baba yake moja ya gigabaiti 500, nyeusi, inayoenea kiganjani, akamfundisha kuichomeka kwenye tundu lenye ulimi wa bluu. Hilo ni la USB 3.0, linalopitisha hadi gigabiti 5 kwa sekunde. Lile jeusi la pembeni, la USB 2.0, linaishia megabiti 480. Ukikosea tundu, utailaumu Linux bure.

Harusi

Ubuntu inakuruhusu kuonja kabla ya kuweka. Unaandaa flashi, unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mfumo mzima unafunguka bila kugusa diski ya ndani. Baba watoto alionja jioni moja, akapenda, na ili anionyeshe kwamba hesabu si kazi ya wanawake peke yao, akakaa akaingiza risiti za mafuta za Desemba moja baada ya nyingine mpaka saa nne usiku. Akazima, akaenda kazini akipiga mluzi.

Asubuhi hakukuwa na risiti hata moja. Mfumo wa kuonja huishi kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima, unasahau kila kitu. Kuhifadhi kunataka uuweke kikamilifu kwenye diski, au uutengee mwenyewe sehemu ya kukumbukia. Nilizichukua risiti zangu, nikaziingiza upya kwenye Windows, na nikamwambia jambo moja: kabla hajaweka chochote kikamilifu, aninakilie hesabu zangu mahali pengine. Aliahidi.

Kuweka kwenyewe alikufanya usiku wa manane wiki ya mwisho ya Januari, peke yake, akifuata video kwenye simu. Video ilimwambia aingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine na kuzima kinga iitwayo Secure Boot. Akazima. Hilo halikuhitajika. Secure Boot hukagua sahihi ya programu inayoiamsha kompyuta, na Ubuntu ina sahihi inayokubalika tangu toleo la 2012. Video ilikuwa ya zamani kuliko mwanetu wa mwisho.

Baadaye, akigawa diski kwa mkono, alipita kisanduku kidogo chini ya ukurasa kinachouliza programu ya kuamsha mfumo iwekwe kwenye diski ipi. Kisanduku kilikuwa kimeelekea diski ya ndani. Baba watoto hakusoma chini ya ukurasa. Mfumo wenyewe ukaenda kwenye diski ya nje, lakini GRUB, ile programu ya kuuamsha, ikapiga hema kwenye diski ya Windows na kujiweka mbele ya foleni.

Alipomaliza akaniamsha. Nilisimama na shuka begani nikatazama. Sikatai, ilikuwa nzuri: nyepesi, safi, haina matangazo, na kompyuta iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kabla haijafunguka ilifunguka mara moja.

"Na hesabu zangu umenakili?"

"Nimenakili."

Alikuwa amenakili taarab.

Fungate

Mwenye mfumo wa mfukoni hutaka kutembea nao. Asubuhi alichomoa diski, akaitia mfuko wa koti, akaondoka. Wakati sisi tunaamka, wa pili alikuwa ameshafika Heathrow, kwenye maegesho ya madereva wa minikabu, anasubiri ndege ya Nairobi ishushe abiria.

Binti alibonyeza kitufe apeleke kazi yake ya shule. Skrini ikawa nyeusi. Juu kabisa, neno "grub" na alama moja ya mshale, basi. Hapakuwa na Ubuntu wala Windows. GRUB iliyokaa diski ya ndani ilikuwa imeamka vizuri, ikatafuta maelekezo yake yaliyobaki, ambayo yako kwenye diski ya nje, ikayakosa, ikasimama mlangoni inangoja amri. Diski ya nje ilikuwa ng'ambo ya pili ya London.

Mama mkwe alikuja akatazama ule weusi, akavuta mtandio. "Nilijua," alisema. "Wa pili hata akikaa nje, ndani hapakaliki."

Nilidhani anazungumzia diski. Yeye alidhani nazungumzia mke. Tukaafikiana kabisa, kila mtu kwa lake.

Binti hakutishika. Alizima, akawasha huku akibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, ambacho kwa mashine nyingi ni F12, kwingine F9 au Esc. Orodha ikaja, Windows imo. Akaichagua, nikashusha pumzi. Badala ya Windows ikaja skrini ya bluu: weka ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48.

Tarakimu hizo ni za BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows, mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuianzisha, huifunga diski yote kwa siri bila kumwuliza. Siku zote hujui, kwa kuwa chipu ya TPM hufungua yenyewe kila unapowasha. Lakini ikiona mpangilio wa kuamka umebadilika, kwa mfano Secure Boot imezimwa, inashuku wizi, inagoma, inadai ufunguo. Na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtu aliyeianzisha kompyuta.

Leicester.

Mume wangu alirudi mchana na diski yake. Akaichomeka, Ubuntu ikawaka kwa furaha zake zote, akabofya diski ya ndani afungue hesabu zangu. Ubuntu nayo ikaomba ufunguo. Alipiga simu kwa mpwa wake. Haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, ukanyamaziwa. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ndiyo tarehe 31.

Baraza

Usiku ule simu ilipokelewa, lakini sauti haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya mama yake, wifi yangu. Mume wangu aliweka spika.

"Dada, nipe huyo mtoto, nina shida ya ufunguo."

"Ufunguo wa nyumba ya nani? Kwanza mwache huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mimi ndiye unayeniuliza? Mama yuko hapo hapo kwako, muulize yeye."

Tukamgeukia Mama. Alikuwa amekaa karibu na hita, tasbihi mkononi. Hakuitupia macho simu wala mwanawe. Alinitazama mimi, kwa huruma iliyonitia baridi zaidi ya Januari.

"Wa pili," alisema. "Wa nje. Yule mwepesi. Nimekusikia kwa masikio yangu, jikoni, unasema wa kwanza mzito."

Sasa kila kitu kilinijia kwa pamoja: wali uliosifiwa, mafuta ya karafuu, vyombo, subira. Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama dari. Binti yetu alikuwa ameshafunika uso kwa kitabu cha hesabu na mabega yanamtikisika.

Baba watoto aliingiza mkono mfuko wa koti, akatoa diski, akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake.

"Ndiye huyu, Mama."

Mama alivaa miwani. Akaigeuza mbele na nyuma, akaipima uzito. "Huyu?"

"Huyu. Mfumo wa pili wa kompyuta. Wa kwanza ni Windows."

"Na umesema wa bure."

"Mfumo ndio wa bure. Diski nimenunua."

"Basi mahari umetoa," alisema Mama, akaisukuma diski upande wangu. "Mkeo alitakiwa kuambiwa."

Leicester kulikuwa kimya kwa muda, kisha wifi yangu akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kwamba habari ameshazipeleka Unguja, akaacha kucheka.

Kijana akapewa simu. "Shikamoo Mjomba. Shikamoo mkaza mjomba. Bibi, shikamoo." Alifungua akaunti yake, na hapo tukajua jambo ambalo halijapata kusemwa katika kikao chochote cha ukoo: ufunguo haukuwa mmoja. Kulikuwa na wa kwetu, wa mama yake, wa shangazi wa Coventry, na wa mzee mmoja wa Milton Keynes anayemjua kwa jina la utani tu. Kila mtu aliyewahi kutengenezewa kompyuta na kijana huyu amefungwa kwa akaunti yake. Skrini ya bluu huonyesha kitambulisho cha ufunguo unaotakiwa. Tulimsomea herufi zake za mwanzo, akaupata wetu.

Tarakimu 48 huja kwa mafungu manane ya sita sita. Alianza kusoma. Simu ilikuwa ikikwaruza, na kwa Kiswahili kwenye simu inayokwaruza hakuna njia ya kutofautisha nne na nane. Mume wangu aliandika nne, mimi nilisikia nane, Mama alisema zote mbili zimesemwa.

Aliyeokoa ni binti. BitLocker imetungwa hivi: kila fungu la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu, makusudi ili kosa la mwandishi lijulikane. Na kugawanyika kwa 11 kuna njia ya mkato ya shuleni: toa, jumlisha, toa, jumlisha, tarakimu kwa tarakimu. Chukua 418473 kwa mfano. Nne toa moja ni tatu, jumlisha nane ni kumi na moja, toa nne ni saba, jumlisha saba ni kumi na nne, toa tatu ni kumi na moja: imegawanyika. Lakini ukiisikia ile nane kuwa nne, unapata saba, na saba haigawanyiki kwa 11. Kosa moja la nne na nane ndani ya fungu haliwezi kupita mtihani huu hata siku moja. Kila penye ubishi binti alijaribu zote mbili, moja ikafa, tukasonga mbele. Mume wangu, aliyekuwa akidai hesabu za A-level hazina matumizi mjini, alinyamaza akawa anampa penseli.

Fungu la nane lilipoingia, Windows ilifunguka. Lahajedwali yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha. Ritani ilikwenda HMRC Ijumaa usiku, na pauni 100 zilibaki mfukoni mwetu.

Zamu

Mimi sikuidai talaka ya diski. Mashine ni ile ile, haijatupwa jalalani kwa sababu ya kizazi cha prosesa, na mfumo wa pili unapata masahihisho yake: matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, kama 24.04, hutunzwa kwa miaka mitano bila malipo. Nilichokidai ni utaratibu.

Binti alirudisha Secure Boot, akaipanga Windows mbele ya foleni, na kompyuta ikaacha kuuliza ufunguo. Ndipo aliponiambia kwamba kurudisha tu kilichobadilishwa mara nyingi huiridhisha chipu, bila hata kuhitaji tarakimu 48. Baraza lile lote huenda lisingekuwa na haja. Nikamwambia asimwambie bibi yake, kwa kuwa wali wangu umesharudi kukosolewa na sina la kufidia.

Kisha alifuta GRUB iliyokuwa imekaa diski ya ndani, akaweka Ubuntu upya kwenye diski ya nje pamoja na programu yake ya kuiamsha, akihakikisha kile kisanduku cha chini ya ukurasa kimeelekea diski ya nje. Mwenye kompyuta ya mezani ana njia salama zaidi: achomoe diski ya ndani kabisa wakati wa kuweka, ndipo mfumo wa pili usiwe na pengine pa kugusa. Siku hizi diski ikichomekwa na kuchaguliwa, Ubuntu inaamka. Isipokuwapo, Windows inafunguka kama hapajawahi kuwa na mtu. Benki na ritani tunazifanyia Ubuntu. Windows imebaki na kazi mbili tatu za shule ambazo hazitaki pengine, mpaka Oktoba, kwa kuwa baba watoto alimeza mate, akamwomba mpwa wake aingie mwenyewe kwa akaunti ile na kutuandikisha ule mwaka wa nyongeza. Hesabu zangu zina nakala mbili, na hakuna hata moja iliyochanganywa na taarab.

Mama mkwe ameondoka salama. Unguja inasemekana bado kuna wanaoamini kuna mke East Ham, na kwamba ni mwembamba sana.

Hukumu yangu ni hii: mfumo wa pili kwenye diski ya nje ni jambo jema kwa nyumba yenye kompyuta nzima na mfuko mdogo, mradi uwekwe mchana, uwekwe na anayesoma chini ya ukurasa, na uwekwe baada ya kila mtu kunakili vitu vyake. Nawe unayesoma, kama kompyuta ya nyumbani kwako ilianzishwa na mpwa, na shemeji, au na kijana fulani wa msikitini au wa kanisani, mpigie leo, umuombe tarakimu zako 48, uziandike kwenye karatasi. Mpigie mkiwa bado mnazungumza.